Maabara, uwandani au kompyuta: kuchagua njia ya uzamili na uzamivu wa baiolojia

Mtu akimaliza shahada ya kwanza ya baiolojia na kutaka kuendelea, swali lake la kwanza huwa ni chuo gani. La pili ni nani atalipa. Yote mawili ni ya maana na nitayafikia, lakini yapo nyuma ya swali jingine ambalo wengi hukutana nalo mwaka wa pili, tasnifu ikiwa imekwama: siku zangu zitakuwaje? Baiolojia ni jina moja lililobeba kazi tatu. Yupo anayesimama mbele ya meza ya maabara, pipeti mkononi. Yupo anayelala hemani akisubiri ndege watage. Yupo anayekodolea macho skrini iliyojaa A, T, G na C, herufi za DNA. Wote wanaweza kutoka idara moja na vyeti vinavyofanana, ila maisha yao hayafanani hata kidogo.

Mimi hulinganisha kazi hizi kwa kuangalia jinsi zinavyoshindikana. Utafiti hugonga mwamba mara nyingi kuliko unavyofaulu, na kila njia ina mwamba wake. Maabara hukuangusha kila siku, kidogo kidogo. Uwandani hukuangusha mara moja kwa mwaka, kwa kishindo. Kompyuta hukuangusha bila kukuambia. Anayestahimili pigo la aina moja huweza kusambaratika kwa pigo la aina nyingine, na hili halionekani kwenye matokeo ya mtihani wowote.

Maabara

Ndiko wengi huelekea bila hata kufikiri. Seli, vinasaba, vimelea, kinga ya mwili: karibu kila kilichotusisimua kwenye vitabu vya shahada ya kwanza kilitoka huko. Vitabu havisemi ni Jumatatu ngapi zilipotea njiani.

Chukua PCR, mbinu ya kuzidisha kipande cha DNA ambayo Kary Mullis aliibuni mwaka 1983, ikampatia Nobeli ya kemia mwaka 1993. Kitabuni ni aya moja. Mezani ni kirija kidogo ambacho kikipungukiwa magnesiamu, au praima zake, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, zikishikana zenyewe kwa zenyewe, au kimeng'enya kikikaa nje ya barafu muda mrefu, hakitoi kitu. Unapitisha sampuli kwenye jeli, unawasha taa, giza tupu. Na giza lina nafuu. Balaa ni pale kirija kisichotiwa DNA, kile kinachowekwa ili kuthibitisha kuwa hakuna uchafu, nacho kinapotoa mstari unaong'aa. Hapo kila ulichopata wiki hiyo kinaingia shaka. Niliwahi kumsaka mchafuzi wa namna hiyo wiki sita nzima. Alikuwa kwenye chupa ya maji.

Wala si wanagenzi tu wanaopatwa. Seli za HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, zina nguvu ya kuota kiasi kwamba zilivamia vyombo vya seli nyingine katika maabara za watu. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba koo kadhaa za seli zilizodhaniwa kutoka viungo tofauti zilikuwa HeLa zilezile. Fikiria miaka ya watu iliyokwenda wakidhani wanachunguza kiungo kimoja, kumbe ni kingine.

Faida kubwa ya maabara ni kwamba kesho ipo. Jaribio likiharibika leo unalirudia kesho, na kila mara unajua kidogo zaidi ya jana. Kasi ya kesho hiyo inategemea kiumbe unachokitumia, jambo ambalo waombaji wachache sana huliwaza. Bakteria Escherichia coli, akipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Nzi wa matunda humaliza kizazi kwa siku 10 hivi. Mmea mdogo wa Arabidopsis huchukua kama wiki 6, na panya miezi 2 hadi 3. Mwanafunzi anayehitaji vizazi vitatu vya panya ameshakula sehemu nzuri ya mwaka kabla hajaandika sentensi moja ya matokeo, wakati mwenzake wa bakteria keshakosea mara hamsini na kujirekebisha. Ukichagua kiumbe umechagua kalenda.

Na bado hata bakteria wanaweza kukuweka. Februari 1988 Richard Lenski alianza kukuza makundi 12 ya E. coli kwenye chupa zenye sukari kidogo, akiyahamishia chupa mpya kila siku na kugandisha sampuli kila baada ya vizazi 500. Baada ya vizazi 31,000 na ushei, kundi moja likaanza kula sitrati, kemikali iliyokuwemo pia chupani, palipo na oksijeni, jambo ambalo E. coli wa kawaida hawaliwezi. Aliyekabidhiwa swali la kwa nini alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, Zachary Blount. Alilazimika kurudi kwenye friza, kuamsha mababu waliogandishwa na kuirudia historia kutoka vizazi mbalimbali, mara baada ya mara, ili aone ni tangu lini uwezekano huo ulijitokeza. Makala ilitoka mwaka 2008. Kama kurudia kazi ileile kwa miaka namna hiyo kunakupa raha fulani usiyoweza kuieleza, basi maabara ni kwako. Kama kunakutia kichefuchefu, usijidanganye kwamba utazoea.

Mambo mengine ya maabara ni mepesi kusema. Seli hazijui Jumapili: zikihitaji kulishwa, unakwenda. Vitendanishi ni ghali, hivyo kasi yako imefungwa kwenye ruzuku ya msimamizi. Ujuzi unaoupata hutafutwa hospitalini, kwenye viwanda vya dawa na chanjo, na kwenye taasisi za uchunguzi wa magonjwa.

Uwandani

Huku kushindwa kunakuja na msimu. Chura huzaliana mvua zikinyesha, na zisiponyesha hazaliani, hata kama ruhusa ya utafiti umeipata na tikiti umelipa. Mwanafunzi wa maabara akipoteza sampuli amepoteza wiki. Wa uwandani akikosa msimu amepoteza mwaka.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni ya misimu. Uzamili wa mwaka mmoja hukupa msimu mmoja, basi. Ukichelewa mwezi kwa sababu kibali hakijatoka, umekwisha. Wa miaka miwili hukupa mmoja wa kujifunza na mmoja wa kukusanya data kwa kweli. Uzamivu hukupa mitatu, mara chache minne. Kama swali lako linahitaji kulinganisha mwaka wa ukame na mwaka wa mvua, usilipeleke kwenye uzamili, labda msimamizi awe tayari na data za miaka mingi ambazo utaziongezea za kwako. Huo ndio mpango ninaoupenda kuliko yote kwa mtu wa ikolojia: kujiunga na utafiti wa muda mrefu ulioanza kabla yako.

Mfano mzuri ni kisiwa cha Daphne Major, Galápagos. Peter na Rosemary Grant walianza kuwapima ndege wa huko mwaka 1973 na kuendelea kwa takriban miaka 40. Mwaka 1977 ukame ulikiangukia kisiwa. Mbegu ndogo na laini zikaisha, zikabaki kubwa na ngumu, na ndege wengi wakafa. Waliosalia walikuwa hasa wenye midomo mikubwa, na vifaranga waliofuata wakarithi midomo hiyo. Kwa kuwa kila ndege alikuwa amevishwa pete na kupimwa kabla ya ukame, janga lile likawa ushahidi wa uteuzi asilia ukionekana ndani ya miaka michache. Mtafiti aliyefika kisiwani mwaka uleule wa 1977 kwa mara ya kwanza angekuta mizoga tu.

Jane Goodall naye alifika Gombe mwaka 1960, na kwa miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimwona wanakimbia. Hakuwa na la kuandika. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka huo ndipo alipomwona mmoja akichomeka kijiti kwenye kichuguu na kuvuta mchwa, yaani akitumia zana. Baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpokea asome uzamivu ilhali hakuwa na shahada ya kwanza. Usilichukue hilo kama mpango wa kazi. Chukua ile miezi ya sokwe kukimbia, kwa sababu hiyo itakupata.

Kuna karatasi pia, na zinakula muda kuliko mbu. Kibali cha utafiti, kibali cha eneo la hifadhi, idhini ya maadili ya wanyama, na kibali cha kusafirisha sampuli nje ya nchi. Kiumbe akiwa kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, sampuli yake haivuki mpaka bila nyaraka zake. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2014, nayo inadai makubaliano na nchi yenye kiumbe kuhusu kugawana manufaa. Mwulize msimamizi: vibali vya mradi huu viko mkononi, au mimi ndiye nitakayevitafuta? Akijibu kwa maneno mengi, jibu umelipata.

Kitu ambacho hakuna anayekuambia siku ya kwanza: mwanabaiolojia wa uwandani hutumia muda mwingi zaidi mbele ya takwimu kuliko mbele ya wanyama. Miezi mitatu porini huzaa mwaka mzima wa kuhangaika na data zenye mapengo, kwa sababu kamera ilizimika, mto ulifurika, na siku nne ulikuwa na homa. Anayekwenda uwandani ili kukimbia hesabu amekimbia mvua akaingia mtoni.

Kompyuta

Upande huu ndio unaovutia watu wengi sasa, na si ajabu. Mfuatano wa jenomu za maelfu ya viumbe uko wazi kwenye hifadhi kama GenBank. Lugha za programu za R na Python ni bure. Huhitaji friza, huhitaji hema, na ukiamua kuondoka kwenye baiolojia, ujuzi wa kuchakata data unakubalika karibu kila mahali. Kati ya njia tatu, hii ndiyo yenye mlango mpana zaidi wa kutokea, nami sioni aibu kulihesabu hilo kama sababu ya kuichagua.

Tatizo lake ni ukimya. PCR ikifeli unaona giza. Programu ikikosea hutoa jedwali safi, lenye namba za desimali nne, na wewe unalipeleka kwenye makala. Kisa kinachojulikana sana ni cha majina ya jeni. Kuna jeni za binadamu zilizokuwa zikiitwa MARCH1 na SEPT2. Ukizifungua kwenye Microsoft Excel, programu ilikuwa ikidhani ni tarehe na kuzigeuza kuwa za mwezi Machi na Septemba, bila onyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Mwishowe kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri: mwaka 2020 ikatangaza majina mapya, MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT2 ikawa SEPTIN2. Wanasayansi wakabadilisha majina ya jeni ili kukwepana na jedwali la ofisini!

Njia hii basi inamfaa mtu mwenye wasiwasi wa asili, anayekagua mara ya tatu kitu ambacho tayari kimekubali. Anayefurahi namba zikitoka tu, atachapisha makosa.

Hatari ya pili ni kupitwa. Mwishoni mwa mwaka 2020, programu ya akili mnemba iitwayo AlphaFold 2 ilishinda kwa mbali sana shindano la CASP la kubashiri maumbo ya protini, swali lililokuwa limewasumbua watu kwa miaka 50. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapata nusu ya Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo, nusu nyingine ikaenda kwa David Baker kwa usanifu wa protini. Ilikuwa furaha kwa sayansi. Kwa mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa tatu akiboresha mbinu yake mwenyewe ya kubashiri maumbo, sidhani kama kulikuwa na sherehe. Ukichagua kompyuta, jenga tasnifu juu ya swali la kibaiolojia, na mbinu iwe chombo tu. Mbinu hupitwa ndani ya miezi. Swali la kwa nini bakteria fulani wanastahimili dawa litakuwepo hata zana zikibadilika mara tano.

La tatu ni la heshima, na watu huona haya kulitaja. Anayechakata data za wengine anaweza kujikuta fundi wa idara nzima: kila mtu anamletea faili, jina lake linaonekana la saba kwenye makala nane, na hana hata moja aliyotangulia. Kabla ya kukubali nafasi, mwulize msimamizi ni makala ipi jina lako litatangulia, na data zake zipo tayari au bado ziko kwenye mpango wa mtu mwingine.

Vipi kuchanganya? Inawezekana, na tasnifu nyingi nzuri za leo ni mchanganyiko: sampuli za uwandani, DNA ya maabara, uchambuzi wa kompyuta. Ila uwe na nyumbani mahali pamoja tu. Kwingine uende kama mgeni mwenye adabu, ukijua vya kutosha kuuliza na kutambua ukidanganywa. Wanaojaribu kuwa wenyeji kotekote huishia na misimu mitatu ya data ambayo hawajui kuichambua.

Uzamili kwanza, au uzamivu moja kwa moja?

Hapa dunia imegawanyika, kwa hiyo uchaguzi wa ngazi ni uchaguzi wa mfumo pia.

Marekani humpokea mtu kwenye uzamivu akitoka shahada ya kwanza. Huchukua miaka 5 hadi 6 kwa kawaida. Mwaka wa kwanza ni wa masomo na, katika programu nyingi za maabara, wa mizunguko: unakaa wiki kadhaa katika maabara mbili, tatu au nne kabla ya kuchagua msimamizi. Kisha huja mtihani mgumu wa kukuthibitisha kuwa mtahiniwa wa uzamivu, mara nyingi mwaka wa pili. Ada hulipwa na programu, nawe hupata posho ya kujikimu, mara nyingine kwa kusaidia kufundisha. Ukishindwa au ukighairi katikati, vyuo vingi hukuruhusu kuondoka na shahada ya uzamili. Uzamili wenyewe, ukiuomba peke yake huko, mara nyingi utaulipia mwenyewe.

Uingereza uzamivu ni miaka 3 hadi 4, na mara nyingi unaomba mradi uliokwisha kutangazwa, wenye swali na msimamizi wake. Hakuna kuonja kwingi. Mwishoni unakaa chumbani na watahini wawili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, mlango umefungwa. Ni mfumo mzuri kwa anayejua anachotaka na mkali kwa anayebahatisha.

Ujerumani, Uholanzi, Sweden na majirani zao kwa kawaida hudai uzamili kwanza. Tangu mchakato wa Bologna ulipoanza mwaka 1999, muundo uliozoeleka ni shahada ya kwanza ya miaka 3, uzamili wa miaka 2, kisha uzamivu. Kinachowatofautisha ni kwamba mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa: ana mkataba, mshahara, likizo. Tasnifu mara nyingi hutetewa hadharani. Uholanzi hufika afisa wa chuo mwenye fimbo, na muda ukiisha hutangaza kwa Kilatini kwamba saa imetimia; hata kama ulikuwa katikati ya sentensi, umeokoka. Japani nayo hufuata miaka 2 ya uzamili na 3 ya uzamivu.

Nionavyo mimi, asiyejua bado ni mtu wa maabara, uwandani au kompyuta ana njia mbili za haki: uzamili wa utafiti wa miaka miwili, au programu ya Marekani yenye mizunguko. Anayejua swali lake na ana uzoefu wa kutosha asipoteze muda, atafute mradi wa Uingereza au nafasi ya kuajiriwa Ulaya bara. Na mwenye familia inayomtegemea auangalie mshahara na mkataba kabla ya jina la chuo.

Neno kuhusu uzamili wa masomo matupu, usio na utafiti au wenye mradi mfupi wa miezi mitatu. Unamfaa mwalimu anayetaka kupanda daraja, mtumishi wa wizara au shirika la mazingira, au anayehamia fani mpya. Ni shahada ya heshima yake. Lakini kwa anayelenga uzamivu ni ushahidi dhaifu, kwa kuwa kamati ya udahili inataka kuona mtu aliyewahi kushindwa kwenye utafiti akaendelea. Kati ya uzamili wa utafiti katika chuo kisichovuma na uzamili wa masomo katika chuo chenye jina kubwa, mimi ningechukua wa kwanza, nikilala usingizi mzuri.

Maabara kubwa au ndogo, na aliyeketi juu yake

Haya yote niliyoyasema yanaweza kubatilishwa na mtu mmoja, msimamizi.

Maabara kubwa, ya watu 20 au 30, ina mashine zote, fedha na jina. Ina pia msimamizi ambaye utamwona mara moja kwa mwezi, katikati ya safari mbili. Atakayekufundisha hasa ni mtafiti aliyemaliza uzamivu wake karibuni, na ubora wake ni bahati yako. Katika baadhi ya maabara hizo watu wawili hupewa swali moja ili aonekane nani atatangulia. Wapo wanaostawi humo. Maabara ndogo, ya watu watano, inakupa mwalimu anayeketi kando yako, na akiwa mtu mzuri huna pa kufananisha. Akiwa mbaya, huna pa kujificha. Ruzuku yake ikiisha au akihamia chuo kingine, unayumba naye.

Carol Greider alipomaliza shahada ya kwanza, alama zake za GRE, mtihani wa kuomba masomo ya juu Marekani, hazikuwa nzuri, kwa sababu ana tatizo la kusoma na kuandika linaloitwa disleksia, na vyuo vingi alivyoomba vikampa kisogo. Alipokelewa Berkeley na kuchagua kufanya kazi na Elizabeth Blackburn, aliyekuwa akichunguza ncha za kromosomu za kiumbe mdogo wa majini aitwaye Tetrahymena. Siku ya Krismasi mwaka 1984 alikwenda maabara kutazama filamu ya eksirei iliyonasa matokeo ya jaribio lake na kuona dalili ya kwanza ya kimeng'enya kinachorefusha ncha hizo, kilichokuja kuitwa telomerasi. Alikuwa mwanafunzi, hajafika hata mwaka wa pili wa kufanya kazi humo. Mwaka 2009 yeye, Blackburn na Jack Szostak waligawana Nobeli ya tiba. Kiumbe kisichovuma, msimamizi aliyempa swali zito na kumwacha alishike: hiyo ndiyo iliyokuwa hazina. GRE yenyewe, kwa taarifa yako, programu nyingi za baiolojia zimeacha kuidai.

Upande wa pili kuna Raymond Gosling wa King's College London. Alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu alihamishwa kutoka kwa Maurice Wilkins kwenda kwa Rosalind Franklin, na Mei 1952 akapiga pamoja naye ile picha ya DNA ya eksirei iitwayo Picha 51. Franklin na Wilkins hawakuelewana. Franklin alipojiandaa kuondoka chuoni, Gosling akarudishwa kwa Wilkins, na Januari 1953 Wilkins akamwonyesha picha hiyo James Watson, aliyekuwa akitafuta umbo la DNA. Gosling alipata shahada yake, na jina lake limo kwenye makala ya Aprili 1953 pamoja na Franklin. Lakini ni wangapi wanaomtaja? Wakubwa wawili wasiposemezana, mwanafunzi aliye katikati ndiye anayelipa. Kwa hiyo ukiambiwa utakuwa na wasimamizi wawili, uliza mara ya mwisho waliandika makala pamoja lini.

Namna ya kumjua msimamizi kabla ya kujifunga ni kuongea na wanafunzi wake, bila yeye kuwepo, na ikiwezekana na aliyeacha kabla ya kumaliza. Waliomaliza walichukua miaka mingapi? Sasa wako wapi? Rasimu ya makala hukaa mezani kwake muda gani? Mtu akiugua au akipata mtoto huwa inakuwaje? Sikiliza pia wanaponyamaza.

Ukibakiwa na swali moja tu, kwa mfano mpo kwenye simu na muda umeisha, mwombe mwanafunzi huyo akueleze Jumanne iliyopita aliifanyia nini, tangu alipoamka. Mmoja niliyemuuliza alianza kwa kuguna. Alikuwa ameshinda akihesabu viwavi kwenye majani 400, jua likamchoma shingo, na jioni akagundua daftari la asubuhi limelowa. Kisha, bila kuulizwa, akaendelea kunieleza kuhusu viwavi wale kwa dakika arobaini.